Kondo la nyuma: Uamuzi wa kufanywa kabla ya uchungu kuanza

MTOTO akishalia, macho yote humgeukia yeye. Wakati huo mkunga bado ana kazi. Anasubiri kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Hukaribia uzani wa nusu kilo, na ndilo lililompitishia mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama tangu mimba ilipojijenga. Likishatoka, familia hujikuta mbele ya swali ambalo aghalabu halikuzungumzwa kliniki: lipelekwe wapi?

Ramisi, katika Kaunti ya Kwale, swali hilo halina jibu moja. Mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka wa 1988 viliwakusanya hapo watu wa asili mbalimbali. Waliokuwepo ni Wadigo na Waduruma. Wakaja Wakamba, na Wamakonde kutoka Msumbiji, ambao vizazi vyao vilingoja hadi 2016 serikali ilipoamuru wapewe uraia wa Kenya. Kila jamii ilikuja na ada zake za uzazi.

Mpwani anayetaka kuthibitisha kwamba mahali ni kwao husema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Usemi huo haukuzuka hivi hivi. Kilichomuunganisha mtoto na mamaye hurudishwa ardhini, na ardhi hiyo humtambua. Miongoni mwa Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani ya kusini, wanazuoni wengi huona ni vyema kuzika sehemu iliyotengana na mwili wa mwanadamu kwa ajili ya heshima yake, bila ya kulifanya jambo hilo faradhi. Wapo pia wanaohofia husuda: kondo likiangukia mikono mibaya, mama huenda asizae tena. Kwingineko, Waganda wa zamani walilihesabu kondo kuwa pacha wa mtoto na kulizika chini ya mgomba. Wamaori wa New Zealand wana neno moja, whenua, kwa ardhi na kwa kondo.

Hospitalini, kondo huhesabiwa kuwa taka hatari kwa sababu damu yake yaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini. Kwa kawaida hutumbukizwa katika shimo maalumu lenye kina cha mita mbili au zaidi, mfuniko imara na bomba la kutolea hewa, au huteketezwa kwa moto katika tanuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kondo lisimwagiwe dawa ya klorini kabla ya kutupwa shimoni, maana dawa hiyo huua vijidudu vinavyoliozesha.

Mama anayeamini kwamba kondo lake litatupwa ovyo anaweza kuamua kujifungulia nyumbani, na hapo ndipo penye hatari. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazazi. Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Lakini ada ya fedha ni kizuizi kimoja tu, na ada ya mila haiondolewi kwa tangazo. Mkoani Ayacucho, nchini Peru, kituo kimoja cha afya kilipoanza kuwahudumia kina mama kwa lugha yao na kuheshimu desturi zao za uzazi, waliojifungulia kituoni waliongezeka kutoka asilimia 6 mwaka wa 1999 hadi asilimia 83 mwaka wa 2007.

Familia inayotaka kulizika kondo nyumbani haina budi kulisema jambo hilo kliniki mapema, ili muuguzi aeleze utaratibu wa kituo chake. Kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake, ingawa haki hiyo haimwondolei muuguzi wajibu wa kuzuia maambukizi. Pia daktari anaweza kutaka kondo lipimwe kwenye maabara, kwa mfano mama akiwa na homa au mtoto akizaliwa amefariki.

Kondo likikabidhiwa, lichukuliwe katika chombo kisichovuja, na anayelishika avae glavu. Lizikwe siku hiyo hiyo, kina cha kutosha mbwa wasilifukue. Pwani hii ina miamba ya matumbawe ipitishayo maji upesi na visima vingi si virefu. Umbali wa mita 30 kutoka kisimani, kama ule wa vyoo vya shimo, ni wa busara.

Mtindo wa kula kondo lililokaushwa, ulioenea Marekani, hauna faida iliyothibitishwa. Mwaka wa 2017 wataalamu wa huko waliripoti mtoto mchanga wa Oregon aliyeugua tena baada ya mamake kumeza vidonge vya kondo vyenye bakteria.

Lolote litakaloamuliwa, kondo lichunguzwe kwanza. Mkunga hulitandaza na kutazama kama limekamilika, kwani kipande kinachobaki tumboni huleta damu na maambukizi. Likikawia kwa zaidi ya nusu saa, mama apelekwe hospitalini bila mtu kuuvuta ukamba wa kitovu. Na aliyejifungulia nyumbani au njiani kuelekea Msambweni, kondo lake lisizikwe kwanza: litiwe chomboni, liende naye hadi kwa muuguzi.