Sare ya Adui Usiku wa Entebbe

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, yapata saa sita, gari jeusi aina ya Mercedes lilielekea jengo la zamani la abiria katika uwanja wa ndege wa Entebbe, likifuatwa na Land Rover mbili. Askari wa Uganda waliokuwa lindoni walikuwa wamezoea msafara wa namna hiyo, kwani ndivyo wakubwa wa nchi walivyotembea, Rais Idi Amin akiwa wa kwanza. Lakini Amin hakuwamo. Waliokuwamo ni makomando 29 wa Israeli, wamevaa sare za mabaka zilizofanana na za jeshi la Uganda, ambao dakika chache tu zilizopita walikuwa wangali ndani ya ndege ya Hercules.

Hila ya kujivika ngozi ya mwingine ni ya kale. Mwezi Machi 1597 askari wa Hispania waliingia mji wa Amiens, Ufaransa, wakiwa katika mavazi ya wakulima waliobeba magunia ya njugu. Gunia lilipomwagika langoni, walinzi wakainama kuokota, na mji ukatekwa. Tofauti ya Entebbe ni kwamba waliokuja hawakutaka mji, walitaka watu.

Watu hao walikuwa abiria wa ndege ya Air France, safari namba 139, iliyotekwa nyara tarehe 27 Juni baada ya kuruka kutoka Athens. Watekaji wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, waliipeleka kwanza Benghazi, kisha Entebbe, ambako serikali ya Amin iliwapokea badala ya kuwakamata. Walidai wafungwa 53 waachiliwe. Mateka 148 waliruhusiwa kuondoka. Waliobaki, wengi wao Waisraeli, walikuwa zaidi ya 100, pamoja na rubani Michel Bacos na wafanyakazi wake waliokataa kuwaacha abiria wao. Muda wa mwisho uliowekwa ulikuwa tarehe 4 Julai.

Kwa hiyo hila ilijengwa juu ya mazoea ya mlinzi. Wiki hiyo Amin alikuwa amekwenda Mauritius kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Gari lake kupita uwanjani usiku lisingekuwa ajabu. Jengo lenyewe Waisraeli walilifahamu, kwa sababu kampuni ya kwao ndiyo iliyolijenga kabla ya Amin kuvunja urafiki na nchi hiyo mwaka 1972. Hata hivyo sare hushonwa, na gari hupakwa rangi, lakini Kiswahili cha kambini, kilichokuwa lugha ya amri katika jeshi la Uganda, hakishonwi.

Askari wawili walitokea mbele ya msafara, na mmoja akainua bunduki kuamuru gari lisimame. Makomando wakafyatua bastola zenye vizuia sauti, kisha bunduki isiyo na kizuizi ikalia, na siri ikawa imekwisha. Hapo ndipo ubishi mkubwa ulipoanzia, tena baina ya Waisraeli wenyewe. Muki Betser, aliyekuwa ndani ya gari hilo na ambaye zamani alipata kuwafundisha askari wa Uganda, alishikilia kwamba ishara ile ilikuwa desturi ya kawaida ya lindo na kwamba gari lingepita. Wenzake walisema lisingepita. Mlinzi wa zamu wa Kyondo, Bwera au Mpondwe mpakani, ambaye husimamisha magari ya wakubwa na wadogo, anaweza kuupima ubishi huo vizuri kuliko mwandishi wa vitabu. Askari yule alifanya kazi aliyofundishwa.

Mbio za miguu zilizofuata zilichukua muda mfupi. Watekaji waliuawa na mateka 102 wakaokolewa. Mateka watatu walikufa katika mapambano, mmoja wao kijana aliyepigwa risasi na waokoaji kwa kudhaniwa mtekaji. Kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, aliuawa. Askari wa Uganda wapatao 45 walipoteza maisha, na ndege za kivita za MiG ziliteketezwa uwanjani.

Je, sheria ya vita inasemaje? Kanuni za The Hague za 1907 zilikataza matumizi mabaya ya sare ya adui, lakini neno «mabaya» liliacha mlango wazi. Mwaka 1947 Mjerumani Otto Skorzeny, ambaye askari wake walivaa sare za Kimarekani mwaka 1944, aliachiliwa na mahakama. Tarehe 8 Juni 1977, miezi 11 baada ya Entebbe, Itifaki ya Kwanza ya Geneva ilifunga mlango huo: sare ya adui haivaliwi wakati wa kushambulia. Uganda ilijiunga nayo mwaka 1991. Israeli haijajiunga.

Walioondoka Entebbe walipitia Nairobi kujaza mafuta, na kwa sababu hiyo Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi. Mama mmoja mzee, Dora Bloch, hakuwamo katika ndege za kurudi. Alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago, akachukuliwa humo na kuuawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokuwa ameng'olewa.