Hadhira Inapotoka Ukumbini: Opera ya Ulimbwende na Tajriba ya Nairobi

Historia ya sanaa za maonyesho imeandikwa aghalabu kutoka upande wa jukwaa. Twaelezwa nani alitunga, nani alielekeza, na ni lini leseni ilinyimwa. Hadhira hupewa sentensi moja tu: ilishangilia, ilitokwa na machozi, ilikataa kwenda nyumbani. Wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kusisitiza kwamba hapana fanani pasipo hadhira, lakini tufikapo kwenye ukumbi wenye viti na tikiti kanuni hiyo hutuponyoka. Makala haya yananuia kuchunguza jinsi mwitiko wa hadhira unavyogeuka kuwa habari, na habari hiyo kuwa historia. Tutaanza na majumba mawili ya opera ya Ulaya, kisha turejee Nairobi ya miaka ya 1976 hadi 1982. Tunashikilia kwamba kitendo cha hadhira ni matini ya pili, na kwamba mwandishi wa matini hiyo kwa kawaida si hadhira yenyewe.

Mfano unaotajwa zaidi katika historia ya opera ya Ulimbwende ni ule wa Brussels. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1830, katika ukumbi wa La Monnaie, iliimbwa La Muette de Portici, opera ya Auber iliyokuwa imeonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Kisa chake ni cha Masaniello, mvuvi wa Napoli aliyeongoza uasi mwaka 1647. Onyesho lilihusishwa na sherehe za kuzaliwa kwa mfalme William wa Kwanza wa Uholanzi, aliyeitawala pia Ubelgiji. Inasimuliwa kwamba ulipoimbwa wimbo wa wanaume wawili wa kuitukuza nchi yao, hadhira ilisimama, ikapiga makelele, ikamiminika barabarani. Ghasia za usiku huo zikawa mwanzo wa mapinduzi yaliyoizaa Ubelgiji huru.

Kisa hiki kinapendwa na kila mtu anayetaka kuthibitisha kwamba sanaa ina nguvu. Hata hivyo, kinazua maswali. Opera hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa Brussels na mji usiwake moto. Bei ya mkate ilikuwa imepanda, wengi hawakuwa na kazi, na mwezi uliotangulia Waparisi walikuwa wamemng'oa mfalme wao. Zaidi ya hayo, anayeisoma opera hadi mwisho ataona kwamba haiusifu uasi: Masaniello anapoteza akili na kuuawa, na dada yake Fenella, bubu ambaye hata neno moja haimbi, anajitupa kwenye moto wa volkano. Hadhira ya Brussels haikungoja mwisho huo wala haikuuhitaji. Ilichukua wimbo mmoja, ikauacha mwisho wa mtunzi mlemle ukumbini. Jambo hili halitushangazi sisi tunaojua taarabu, ambamo msikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti mmoja tu, na majirani wote wakajua ubeti huo umemlenga nani, iwe mtunzi alikusudia hivyo au la.

Mfano wa pili ni wa tahadhari. Nabucco ya Verdi ilionyeshwa La Scala, Milano, tarehe 9 Machi 1842. Kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba watazamaji, waliokuwa chini ya utawala wa Austria, walilazimisha korasi ya watumwa wa Kiebrania irudiwe papo hapo. Mtaalamu Roger Parker alipoyapekua magazeti ya wakati ule hakuuona ushahidi huo. Wimbo uliorudiwa ulikuwa mwingine, wa kumshukuru Mungu. Mapenzi ya taifa kwa korasi ile yalikua baadaye. Mwaka 1901 mabaki ya Verdi yalipohamishwa ndani ya Milano, umati na kwaya kubwa waliikuta wimbo tayari kwa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, hadhira ya mwaka 1842 ilitungiwa mwitiko wake na wajukuu.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu wa kale pekee. Katika makanisa ya mtaa wa Umoja, kama kwingineko Nairobi, kwaya inapoimba Haleluya ya Handel wakati wa Krismasi, waumini husimama. Ukiwauliza sababu, wengi watakwambia ndivyo ifanywavyo. Wachache watamtaja mfalme George wa Pili, anayedaiwa kusimama London mwaka 1743. Hapana shahidi wa mwaka huo anayelitaja tukio hilo. Habari yake inajitokeza katika barua ya mwaka 1780. Hivyo hadhira ya Umoja inaitikia kwa miili yao habari ya hadhira nyingine ambayo huenda haikusimama kamwe, na kusimama kwao ni kwa kweli kabisa.

Kwa macho hayo na tuitazame Nairobi. Mnamo Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliigizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, jengo lililofunguliwa mwaka 1952 mkabala wa hoteli ya Norfolk. Ilipewa siku chache tu, kwani kalenda ya ukumbi ilikuwa imetengewa maonyesho ya kigeni. Ngũgĩ anasimulia kwamba waigizaji walipopita katikati ya watazamaji wakiimba wimbo wa ushindi, watazamaji waliungana nao, wakatoka nje wakicheza. Nje pale ndipo penye kumbukumbu ya tarehe 16 Machi 1922, siku waandamanaji waliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku walipopigwa risasi na polisi. Na inasemekana walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walishiriki katika ufyatuaji huo.

Kufanana na Brussels ni dhahiri, nasi twahitaji kukupokea kwa tahadhari ileile. Shahidi wetu mkuu ni mtunzi mwenyewe. Hatusemi kwamba shahidi huyo si mwaminifu. Twasema kwamba anasimama jukwaani, na kutoka jukwaani hadhira huonekana kama mwili mmoja. Haonekani yule aliyeiacha ngoma akaangalia saa. Tuuchukue huohuo mtaa wa Umoja, uliokuwa ukijengwa katikati ya miaka hiyo ya 1970 kwa mkopo kutoka Marekani, ukikusudiwa watu wa kipato cha chini na hatimaye ukachukuliwa kwa wingi na wa kipato cha kati. Mitaa iliyoutangulia katika Eastlands, kama Kaloleni, ilikuwa na ukumbi wa jamii ambamo siasa na muziki vilikutana. Lakini kwa mkazi wa Umoja, jukwaa la taifa lilikuwa safari ya basi kiasi cha kilomita 10. Mtu wa namna hiyo, akitoka ukumbini akiimba, anaelekea kituoni. Mapinduzi ya Brussels yalikuwa na faida moja ambayo wanahistoria hawaitaji sana: waliotoka La Monnaie walikuwa tayari mjini kwao.

Tukio la mwaka 1982 linatufaa zaidi, na hapa ndipo opera inapotupa istilahi tuliyoikosa. Ipo desturi Ulaya ya kuimba opera kwa namna ya tamasha: hapana maleba wala mandhari, waimbaji husimama mbele ya okestra, na hadhira huachiwa kazi ya kuijenga ngome na bahari kichwani. Desturi hiyo huzuka kwa uhaba wa fedha au kwa heshima ya muziki. Nairobi ilizuka kwa kufuli. Kikundi cha Kamĩrĩĩthũ, ambacho leseni ya Ngaahika Ndeenda yao ilifutwa mwezi Novemba 1977, kilikuwa kimeandaa Maitũ Njugĩra, yaani "Mama Niimbie", kwa ajili ya Ukumbi wa Taifa mwezi Februari 1982. Walipofika waliikuta milango imefungwa na polisi wako pale. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuendelea na mazoezi. Mazoezi hayahitaji leseni. Na kwa kuwa milango ilikuwa wazi, watu waliingia. Kwa makadirio ya Ngũgĩ walizidi 10,000 kabla chuo hakijaamriwa kuwafukuza.

Kwa hiyo watu hao hawakuona tamthilia, waliona mazoezi. Na wakayafanya kuwa tamthilia. Maitũ Njugĩra iliegemea wimbo, ngoma na uigizaji bubu kuliko mazungumzo, na nyimbo zake zilitoka katika lugha kadhaa za Kenya. Mtazamaji asiyejua Kigĩkũyũ hakuachwa nje: wimbo mmoja ulimtaka afasiriwe, mwingine ulimkuta anaufahamu tangu utotoni. Hapa tunatofautiana na wale wanaoihesabu lugha ya mtunzi kuwa ndiyo iliyoamua nani awe hadhira. Katika Brussels wimbo mmoja uliteka ukumbi mzima kwa kuwa wote waliyajua maneno. Katika Nairobi ukumbi uligawana nyimbo.

Aliyechukua taabu ya kuwauliza watazamaji hao ni mtafiti wa Kiswidi, Ingrid Björkman, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1989. Thamani yake iko hapo hasa: anaikusanya sauti ya waliokaa upande wa pili wa jukwaa. Inasikitisha, bila ya kumlaumu yeye, kwamba kazi hiyo haikuanza katika idara zetu, zilizokuwa hatua chache kutoka chumba cha mazoezi. Wakati huo ulikuwa mgumu, kweli. Hata hivyo miaka mingi imepita tangu hapo.

Ipo hadhira nyingine iliyoitikia, nayo ndiyo pekee iliyoacha kumbukumbu za maandishi kwa wakati wake. Mwezi Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamĩrĩĩthũ, na polisi wenye silaha wakaubomoa ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji. Mhakiki anayetafuta ushahidi kwamba wimbo ulisikika anaweza kuanzia hapo, lakini akiishia hapo atakuwa amemwachia mbomoaji kuwa msomaji bora wa kazi hiyo.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 aliposimama mlangoni pa mazoezi yale sasa amevuka 60. Baadhi yao huenda wanaishi Umoja au Kayole, katika nyumba zilizoongezewa ghorofa juu ya ghorofa, na Jumapili wanasimama kwa ajili ya Haleluya. Kumwuliza mtu huyo "ulijisikiaje?" hakutatusaidia, kwani jibu la swali hilo amekwisha kulisikia kwa wengine. Afadhali aulizwe alirudi nyumbani kwa basi gani, alikaa na nani, na njiani waliimba wimbo upi.