Gitare ya vidole viwili: toka migodi ya Katanga mpaka hapa kwetu Nundu



Juma lililopita kijana mmoja wa familia iliyohama aliniletea gitare yenye nyuzi tano. Ilikuwa ya baba yake. Walikimbia nayo pamoja na sufuria mbili. "Yaya," akaniambia, "nataka kupiga bluzi kama ninavyosikia kwenye simu. Lakini sina ampli, na umeme hakuna. Afadhali niiuze."

Nikamwambia akae kwanza, nimpe habari ya Mwenda.

Jean-Bosco Mwenda, au Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Wakati ule kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekusanya wafanyakazi toka Kasai, Rwanda, Rodezia na kwingine. Watu wa mbali na kwao, kila mmoja na lugha yake, Kiswahili kikawaunganisha. Gitare nayo ikawafaa, maana mtu anaibeba begani na hahitaji bendi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye santuri, ukasikika mpaka Afrika ya mashariki na kusini. Hapakuwa na ampli. Gitare kavu tu, na vidole viwili.

Hapo ndipo penye kazi. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Anayesikiliza bila kuona hudhani wapigaji ni wawili. Utamu wa sauti unatoka mkononi: ukigusa uzi karibu na tundu sauti inakuwa ya mviringo, ukisogea kwenye daraja inakuwa kali. Ukivuta kwa nguvu, uzi unapiga kelele tu. Wengi wetu tunakosea hapo, tunakimbilia kidole cha shahada kabla gumba halijazoea.

Na bluzi? Mississippi John Hurt, Mmarekani mweusi aliyerekodi mwaka 1928, alipiga hivyohivyo, gumba likishika mwendo na vidole vingine vikiongea. Alisahauliwa mpaka 1963, alipotafutwa kijijini kwake na kupelekwa kwenye tamasha la Newport. Mwaka 1969 Mwenda naye alipiga Newport. Sisemi mmoja alimfundisha mwenzake. Lakini kijana wetu anatafuta ng'ambo kitu kilichoimbwa kwa Kiswahili chetu, na mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja mpaka Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na wenzake, Losta Abelo na Edouard Masengo.

Mwenda alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Wazee waliopiga kwa mtindo ule wanazidi kupungua, na wengine wako kati ya familia hizi zilizohama. Kama kuna baba au babu anayejua, kijana huyu anamtafuta.

Gitare hajaiuza. Uzi wa sita tumeuweka wa nailoni ya kuvulia samaki; mlio wake si mzuri sana. Jumamosi alipiga gumba peke yake mpaka giza likaingia, na mama yake akamwita mara mbili aje kula.