Feni zinazunguka, skrini giza

Wiki jana nilijiundia kompyuta, vipuri nimenunua kimoja kimoja kwa miezi. Nikabonyeza swichi: feni zikazunguka, skrini giza tupu. Nilikuwa tayari kununua mazabodi nyingine.

Historia ndiyo iliyoniokoa. Kwenye pawasaplai za zamani za AT, swichi ilikata umeme wenyewe wa ukutani. Mwaka 1995 Intel ilileta ATX. Hapo swichi ikawa ya kuomba tu: mazabodi ndiyo huiamsha pawasaplai, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Ndiyo maana mafundi huichomoa kwenye mazabodi, kisha huunganisha nyaya hizo mbili kwa klipu ya karatasi. Feni ikizunguka, imeamka.

Lakini kuamka si kufanya kazi. Pentium 4 ilitaka umeme mwingi, kwa hiyo mwaka 2000 ikaongezwa plagi ya pini nne, volti 12, kwa ajili ya prosesa. Siku hizi nyingi zina pini nane.

Nikamulika ndani na tochi. Plagi hiyo ilikuwa inaning'inia! Nikaichomeka, picha ikaja. Jamani, kabla ya kutoa pesa, fuateni nyaya kwanza.