Wimbo wa Bibi: tuliutafuta wa kumkumbukia, tukakutana na Siti binti Saad



Mwaka ulipokaribia kutimia tangu bibi yetu atangulie mbele ya haki, sisi wajukuu zake wa kike tulikaa pale pale alipotufundishia kushona, kila mmoja na charahani yake, tukapanga hitima. Mambo mengi yalikuwa mepesi. Mchele nani analeta, masahafu nani anaazima madrasa, turubai la wanaume lifungwe upande gani. Jambo lililotukwamisha ni dogo, na wengine wetu waliona aibu hata kulitaja: tulitaka baada ya dua, wageni wakishapungua, tumwimbie bibi ule wimbo wake.

Wimbo wenyewe hatukuujua. Tuliujua sauti tu, na vipande viwili vitatu vya maneno ambavyo kila mmoja wetu alivishika vyake. Bibi alikuwa akiuimba chini kwa chini akipinda upindo wa kanga au akitia vifungo kwenye kanzu za Idi, na sisi tukalala miguuni pake juu ya mabaki ya vitambaa. Kwa hivyo tukajua ni wimbo wa kubembelezea watoto. Tukawaza tuutafute wote, tuuandike vizuri, tuusome siku ile kwa heshima.

Tuseme ukweli kwanza kuhusu kwetu hapa visiwani. Wimbo wa kuzikia hatuna. Mtu akifa kuna tahlili, kuna Kurani, kuna dua, na siku za matanga watu hukaa kimya au huzungumza kwa sauti ya chini. Kupiga mayowe tumekatazwa. Kwenye hitima baadhi ya nyumba husoma maulidi ya Barzanji, na kasida zina nafasi yake. Ngoma zetu nyingine zote ni za furaha au za kazi: lelemama kwenye harusi, unyago kwa wari, nyimbo za kutwanga, za kuchuma karafuu, za kusukia ukili. Anayetaka wimbo wa kumkumbukia maiti itabidi aukope mahali pengine, na hapo ndipo penye mtihani, maana unaokopa hujui umetoka wapi.

Mama mkubwa tulipomwimbia vile vipande vyetu alicheka mpaka akashika ubavu. "Nani kakwambieni huo wa kulazia watoto? Huo wa kwenye santuri." Akatupeleka Ng'ambo kwa mzee mmoja, fundi wa redio wa zamani, ambaye bado ana santuri zake amezifunga kwenye magazeti. Tulimwimbia mstari mmoja tu. Hakutuacha tumalize. Akasema, "Kijiti. Wa Siti."

Sasa hapa tutakaa kidogo, kwa sababu Siti binti Saad wengi tunamjua kwa jina la barabarani tu, kama tunavyojua jina la mtaa bila kujua mwenye mtaa.

Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Jina hilo halikuwa mzaha. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Soko la watumwa la hapa mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki kuwa halali hadi amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897, na hata amri hiyo iliwaacha nje wanawake waliokuwa masuria. Wao walingoja mpaka 1909. Tunalitaja hili kwa sababu sisi wanawake ndio tuliokuwa wa mwisho kufunguliwa mlango, na jambo hilo husomwa haraka haraka skuli, kama lilivyosomwa kwetu.

Siti alijua kufinyanga. Alibeba vyungu kutoka shamba akaviuza kwa miguu, na inasimuliwa kuwa sauti yake ilitangulia kujulikana kwa kunadi vyungu kabla ya kujulikana kwa kuimba. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akafundishwa kuimba na kufuata ala, akaingia kwenye kundi la wanaume mafundi wa muziki, wakina Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaraka Effandi na Maalim Shaaban. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti.

Taarabu wakati ule ilikuwa ya jumbani. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na ikaimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya watu wa jumba na wageni wao. Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa ya mabwana. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na akaipeleka Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya hori, kwenye vibanda vya udongo vya wachukuzi, madobi, washonaji na wapishi. Watu walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake usiku kusikiliza. Jumbani nako alikwenda, akaimba mbele ya Sultani na matajiri, kisha akarudi zake kulala kwao.

Wapo waliomkejeli. Walimtungia nyimbo za kumkumbusha kaniki na vyungu vyake, kwamba juzi tu alikuwa mtu wa shamba. Wanaotujua wanajua kejeli hizi hazijesha. Sisi tunaoshona tunaelewa ilikuwaje: kaniki, lile shuka la rangi ya nili, na merikani isiyotiwa rangi, ndizo zilizokuwa nguo za mtumwa na maskini. Baada ya kuwa huru, wanawake wa Ng'ambo walijinyima chakula wapate doti ya kanga, na baadaye baibui. Si urembo tu huo. Mwanamke aliyejitanda kanga mbili alikuwa anasema barabarani, bila kufungua mdomo, kwamba yeye si mali ya mtu. Bibi yetu aliithamini doti mpya kiasi kwamba hakumruhusu mtu kuipinda ila yeye, na sisi tulidhani ni ukali tu wa uzee.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, wakarekodi nyimbo kwenye santuri. Ndizo santuri za mwanzo kubwa za Kiswahili, na ziliuzwa kwa maelfu, zikafika Lamu, Mombasa, Dar es Salaam na bara. Mwanamke ambaye hakujua kusoma wala kuandika sauti yake ikasafiri hadi majumba ambayo yeye mwenyewe asingekaribishwa ukumbini. Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert alimhoji kabla ya hapo, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, na hadi leo kitabu hicho ndicho tunachoegemea kumjua. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kiliita Sauti ya Siti.

Turudi kwenye wimbo.

Kijiti ni jina la mwanamume, na wimbo ni habari ya mauaji. Unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye mimba, aliyekuja Unguja akatoka usiku na wenzake kwenda ngomani, akauawa. Muuaji akakimbilia bara. Kesi ikafika kizimbani, na wanawake waliokwenda kueleza walichokiona ndio waliogeuzwa wakosa, kwa sababu ya ulevi uliokuwepo usiku ule. Siti akamwimba hakimu waziwazi. Magazeti ya siku hizo hayakuwa ya watu wa Ng'ambo, redio hakukuwa, Sauti ya Unguja haikuanza mpaka 1951. Aliyeuliwa hakuwa na mtu wa kumwandikia. Aliimbiwa.

Mzee alitupigia santuri yenyewe. Inakwaruza, lakini sauti ilikuwa ile ile ya utotoni mwetu, na sisi sote watano tukawa tunatazama chini. Tulipotoka nje mmoja wetu akasema, "Basi. Huu hatuuimbi kwenye hitima ya bibi." Na kweli, utaimbaje? Unasoma Yasini asubuhi, alasiri unaimba maiti, ulevi na hakimu? Tukauliza ustadhi wa madrasa yetu, bila kumtajia wimbo gani. Alitujibu kwa upole kwamba hitima ni ya Kurani na dua, tusiichanganye na kitu, na mengine tutakayokumbushana wenyewe kwa wenyewe tuangalie ulimi na tusipige ala. Tukaona jawabu tumeshapata.

Tukatafuta mwingine. Tulipitia Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858 naye akiwa mgonjwa. Ni maneno ya mama anayejua anaondoka, na ulitufaa kwa kila njia. Wawili wetu walikuwa wameshaanza kujifunza kuughani. Lakini bibi hakuwahi kuusoma mbele yetu hata siku moja. Tungekuwa tunamkumbuka bibi wa watu wengine.

Mama mkubwa ndiye aliyetukatiza. Jioni moja tunakata vitambaa, akatuuliza kama tunajua kwa nini mama yake alikuwa akiuimba wimbo ule. Tukamjibu kwamba aliusikia kwa mamake, aliyekuwa kijana Ng'ambo zama za Siti. "Huko aliutoa," akasema. "Kwa nini aliuimba ni mengine."

Akatuhadithia tuliyokuwa hatujayasikia. Bibi alipokuwa na watoto wawili wadogo, jirani yake alipigwa na mumewe mpaka akavunjika mkono. Bibi alisikia, akaingia, akaona. Mambo yalipofika mbele ya wakubwa akakubali kwenda kueleza. Alishona baibui mpya kwa siku hiyo. Hakuulizwa alichokiona. Aliulizwa alikuwa akitafuta nini kwenye nyumba ya watu usiku, na mumewe yuko wapi, na kama ana ruhusa yake. Alirudi nyumbani akakaa kwenye charahani, na tangu siku ile, mama mkubwa anasema, ndipo ulipoanza huo wimbo. Babu alimwambia aache, watu watadhani vibaya. Hakuacha. Aliushusha sauti tu.

Kwa hiyo sisi tulilazwa utoto wetu wote na ushahidi ambao haukusikilizwa.

Hatukukubaliana usiku ule. Wapo miongoni mwetu waliosema siri ya bibi ibaki siri, kwamba angelitaka tujue angelituambia. Wapo waliosema alituambia kila siku, sisi ndio hatukusikia. Tutakuwa waongo tukisema mmoja alishinda. Tulichoafikiana ni kwamba hitima iwe hitima, na hatutaki neno jingine ndani yake.

Ikawa hivyo. Wanaume chini ya turubai, sisi ndani, juzuu zikagawanywa, dua ikaombwa, watu wakala pilau wakanywa kahawa na halua, wakatuombea subira wakaenda zao. Baada ya sala ya alasiri walibaki wa nyumbani na majirani wachache, uani, tunakosha masufuria. Mama mkubwa akaanza. Hakutuangalia, alikuwa anasugua ukoko, na akaanza kwa sauti ile ile ya chini aliyoizoea mamake. Bila ngoma, bila hata kofi. Tukaufuata tulipoujua, tulipokwama tukanyamaza.

Nyuma yetu mtu akaendelea nao. Alikuwa ni bibi jirani, mtu mzima sana, ambaye tangu asubuhi alikaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu miguu haimchukui. Mkono wake wa kushoto haujawahi kunyooka sawasawa, na sisi tulikua tukijua ndivyo alivyozaliwa. Aliujua wote. Alipomaliza hakuna aliyesema kitu, maji ya bomba tu yakawa yanamwagika, mpaka mtoto mmoja akaenda kuyafunga.

Tulimwomba aurudie polepole tuuandike. Karatasi hatukuwa nayo karibu, tukachukua daftari la vipimo tukauandikia kwenye kurasa za nyuma.