Nani Kashika Kisu cha Sabuni?

Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekishika asubuhi ya leo bila kukiwazia: kipande cha sabuni. Harufu na rangi tuziache kando. Nauliza habari ya ukubwa wake tu. Kwa nini kina ukubwa huo, na nani aliyekikata?

Swali hili nimetumiwa kutoka nyumbani. Mamangu mdogo na wenzake wameanza kupika sabuni ya mafuta ya nazi, na sasa wanabishana. Wakate vipande vikubwa au vidogo? Wakate kwa kisu au kwa waya? Wakaona aulizwe yule aliyeko Marekani, eti huku kila kitu kina jibu. Jibu lipo kweli, ila limepita njia ndefu, na sehemu ya njia hiyo ilianzia kwetu.

Kwanza tukumbuke kwamba sabuni haizaliwi kipande. Inamiminwa ikiwa uji, inaganda ikawa bamba au gogo, halafu lazima mtu aikate. Ukiniuliza mie, historia ya sabuni ya kipande ni historia ya kisu kuhama mkono mmoja kwenda mwingine.

Tuanzie Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1688 mfalme Louis XIV alitoa amri iliyoweka masharti ya upishi wa sabuni, mojawapo ikiwa ni kutotumia mafuta ya wanyama. Sabuni ilipikwa kwenye masufuria makubwa mno, ikamwagwa kwenye mabwawa mapana ya sakafuni. Ikishaganda, wafanyakazi walivuta kisu kirefu wakaikata hapo hapo ikawa mabonge mazito, kisha mabonge yakapitishwa kwenye nyaya yakawa vipande vya pembe nne. Mwisho kila kipande kikapigwa muhuri wa kiwanda. Kisu kilikuwa mkononi mwa mtengenezaji.

Karne ya 19 mahitaji yalipozidi, mafuta ya zeituni hayakutosha, ikabidi yatafutwe mengine. Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Mwaka 1844 Ufaransa iliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na nyumba za biashara za Marseille kama Vidal na Rabaud zikaja kufanya biashara Unguja. Walitaka ufuta, na walitaka mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Ufuta ulitoka pwani ya Lamu, na baadaye Malindi, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Jamani, tulitafakari hili kidogo. Mafuta yalipanda meli bila jina la aliyeyalima, na sabuni ikauzwa ikiwa na muhuri wa aliyeikata.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Huko kisu alikishika mwenye duka. Kiwanda kilimletea mche mrefu, naye akakata na kupima kwenye mizani mbele ya mteja. Kijana mmoja wa Bolton, William Lever, alianza kazi katika duka la vyakula la baba yake, na kukata na kufunga sabuni kulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Alijua vizuri kwamba mteja akikabidhiwa kipande kitupu hana njia ya kujua kimetoka kwa nani. Mwaka 1884 akaleta sabuni ya Sunlight, iliyokwisha kukatwa, imefungwa kwenye karatasi yenye jina. Kwa hatua hiyo moja kisu kikatoka dukani kikarudi kiwandani, na Lever akatajirika. Mafuta ya mawese aliyoyahitaji aliyafuata mpaka Kongo ya Wabelgiji mwaka 1911, ambako kampuni yake ilipewa maeneo makubwa ya michikichi, na watu wakavuna kwa kazi ya shuruti. Kipande kidogo kisafi, lakini nyuma yake kuna jasho la watu.

Marekani nao walikuwa na lao. Mwaka 1879 Procter & Gamble ya Cincinnati ilianza kuuza Ivory. Kipande chake kikubwa cha kufulia kilikuwa na mfereji katikati ili mama wa nyumbani akigawe mara mbili. Tangazo la mwaka 1882 lilionyesha mikono ya mwanamke ikikikata kwa uzi. Uzi tu! Hapa kisu kilifika mkononi mwa mnunuzi, lakini mahali pa kukata palikwisha kuchaguliwa na kiwanda.

Na kwetu je? Kwetu mche haukufa. Miaka mingi baada ya Lever, ukienda duka la mtaani utaukuta mche mrefu kaunta, na kisu pembeni. Wengine hucheka wakidhani ni mambo ya kizamani. Mie sicheki. Kipande kilichofungwa kiwandani kina bei moja, na mtu anayelipwa kwa siku hana bei moja. Leo ana hela ya mche mzima, kesho ana ya robo. Sabuni ya kukata, kama mafuta ya kupima na sukari ya kupima, ndiyo inayomwezesha kufua leo bila kusubiri mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba anayepokea robo haioni mizani. Anauona mkono wa muuzaji tu.

Waliokuwa watu wazima Tanzania miaka ya mwanzo ya 1980 wanalijua hili kuliko mie. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bidhaa ziliadimika, na sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vya kupangia foleni. Wazee wetu husimulia kufua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na walioficha bidhaa wakasakwa. Mwaka uliofuata milango ya kuingiza bidhaa kutoka nje ikaanza kulegezwa. Katika miaka ile anayekata mche alikuwa mtu mkubwa mtaani, maana unene wa kipande ulitegemea huruma yake.

Huku kwetu Minnesota kisu kilitaka kutupwa kabisa. Mfanyabiashara Robert Taylor alianzisha mwaka 1964 biashara ya sabuni za mviringo zilizofinyangwa kwa mkono. Baadaye kampuni yake, Minnetonka Corporation, iliyokuwa Chaska, karibu na Minneapolis, ikageukia sabuni ya maji ya kubonyeza, na mwaka 1980 ikaisambaza nchi nzima kwa jina la Softsoap. Ili makampuni makubwa yasimwige upesi, aliagiza pampu za plastiki milioni 100, wapinzani wakakosa pa kuzipata. Mwaka 1987 Colgate-Palmolive ikainunua Softsoap. Tangu hapo watu wengi wanaamini sabuni ya kipande ni uchafu.

Hapa niseme kama muuguzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 uliwanawisha watu kwa vipande vilivyopakwa bakteria makusudi, na bakteria hao hawakuonekana kuhamia mikononi. Mwongozo wa kunawa mikono wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, wa mwaka 2002, uliikubali sabuni ya kipande hata kwenye sehemu za tiba, kwa masharti mawili: viwe vipande vidogo, na viwekwe mahali panapochuja maji. Mnaona? Ukubwa tena! Kipande kikubwa kinacholala kwenye maji ndicho cha kuogopwa, kidogo kinachokauka hakina neno.

Sasa niwajibu kina mama. Kwenye masoko ya wakulima ya huku, sabuni ya mkono huuzwa zaidi vipande vya gramu 110 hadi 140, unene kama sentimita 2.5. Gogo la sentimita 25 linatoa vipande kumi. Mkikata unene wa sentimita 3 mtapata vinane na kibaki kimoja, kwa hiyo pangeni urefu wa kisanduku chenu kabla ya kumimina. Kateni sabuni ikiwa imeshikamana kama kiporo cha ugali, kwa kawaida baada ya siku moja au mbili. Ikiwa laini itang'ang'ania, ikikauka sana itavunjika pembeni. Sabuni ya nazi tupu huwa ngumu upesi, basi msiilaze ovyo, iangalieni siku ile ile. Waya mwembamba, hata uzi wa gitaa uliokazwa kwenye fremu ya mbao, unapita safi kuliko kisu kinene. Na vaeni glavu, kwa sababu kostiki soda katika sabuni mbichi inaweza kuwa haijamaliza kazi yake, na ngozi iliyoungua haijui biashara.

Msiandike uzito siku ya kukata. Acheni vipande vikauke wiki nne hadi sita ndipo mpime, kwani maji hutoka na uzito hushuka. Huku sheria ya mwaka 1966 inataka uzito halisi uandikwe kwenye kifungashio. Kwetu kuna Wakala wa Vipimo tangu 2002, lakini msisubiri mkaguzi.

Ushauri wangu wa mwisho ni kutengeneza aina mbili. Vipande vya gramu 100 kwa wanaoweza kununua kizima, na mche kwa maduka ya mtaani. Ila huo mche uchoreni mifereji kabla haujakauka, sehemu zote sawa, kama ile Ivory ya zamani. Muuza duka akate kwenye mfereji, na mama mwenye hela ya robo aione robo yake kabla kisu hakijashuka. Asiombe, ahesabu.

Haya, kina mama, kazi kwenu. Mkishakata gogo la kwanza nitumieni kipande. Kidogo tu, kinatosha.