UZI: Nani awe na majina? Historia fupi ya kupima na kuhesabu UKIMWI Kenya

1. Kila tukikaribia uchaguzi, hoja ya UKIMWI inarudi kwenye midahalo na sentensi zake tatu zile zile. Ya kwanza: "Takwimu zilipikwa." Ya pili: "Watu wote wapimwe kwa lazima." Ya tatu: "Serikali ipewe majina ndiyo ijue nani wa kusaidia." Juzi nimezisikia zote tatu kwenye mdahalo mmoja, na kila moja ikapigiwa makofi. Sitataja mtu wala chama hapa. Nataka tu tupitie historia, halafu kila mtu aamue mwenyewe. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo weka chai kando.

2. Kwanza niseme mbona hii kitu inanigusa. Shangazi yangu alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini. Alikuwa na kitabu kikubwa alichokifunika jalada kwa gazeti, na alikiweka juu ya kabati. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilipanda kiti nikakifungua. Nikaona jina la mama wa jirani, na kando yake maneno ambayo nilikuwa nimeshayajua kutoka kwa mabango ya zahanati. Nilimwambia rafiki yangu mmoja. Mmoja tu.

3. Wiki haikuisha kabla njia nzima kujua. Yule mama akaacha zahanati yetu, akaanza kupanda matatu kwenda kuchukua dawa mji mwingine, nauli ikitoka kwa pesa ya mboga. Shangazi hakunichapa. Aliniita tu akaniambia, "Mwanangu, yule alikuwa ananiamini mimi." Kwa hivyo mtu akisema orodha ya majina haina shida mradi iko kwa mikono mizuri, mimi najua mikono mizuri ilikuwa ya nani, na najua orodha ilivuja vipi.

4. Sasa historia. Kisa cha kwanza cha UKIMWI Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Miaka hiyo ya kwanza serikali haikutaka kulizungumzia jambo hili kwa sauti. Utalii ulikuwa unaleta pesa za kigeni, na hakuna aliyetaka Kenya ijulikane kwa ugonjwa. Mitaani nako kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kule Nyanza wengi walisema ni chira, adhabu ya kuvunja miiko. Wengine walisema ni ugonjwa wa wazungu.

5. Visa vilihesabiwaje wakati huo? Hospitali nyingi hazikuwa na vifaa vya kupima damu. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliandaa mjini Bangui maelezo ya kutambua UKIMWI kwa macho na historia ya mgonjwa: amepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito, ameharisha zaidi ya mwezi, ana homa zaidi ya mwezi, pamoja na dalili ndogo kama kikohozi kisichoisha. Daktari akiona hivyo, anaripoti kisa. Hakuna kipimo.

6. Ukifikiria kidogo utaona tatizo. Ripoti za namna hiyo zinahesabu waliofika hospitalini wakiwa wamezidiwa. Aliyefia nyumbani hayumo. Aliyeandikiwa "kifua kikuu" ili familia isiaibike hayumo. Aliyeambukizwa jana na anacheza mpira leo hayumo kabisa, kwa sababu dalili zinaweza kuchukua miaka kadhaa kutokea. Kwa hivyo zile nambari za miaka ya themanini zilikuwa zinatuambia virusi vilikuwa wapi miaka mingi nyuma.

7. Mwaka 1990 njia ikabadilika. Kenya ilianza kupima damu ya wajawazito katika kliniki zilizochaguliwa. Mama mjamzito alikuwa tayari anatolewa damu ya kupimwa kaswende. Ile iliyobaki iliondolewa jina, ikapimwa virusi, na matokeo yakaandikwa kama nambari tu. Kwa mara ya kwanza taifa likawa na mfululizo wa takwimu ambao mtu anaweza kuufuatilia mwaka hadi mwaka.

8. Lakini ona ajabu yake. Serikali ilikuwa inajua asilimia ngapi ya akina mama wa kliniki fulani wako na virusi, na mama mwenyewe hajui kitu. Anarudi nyumbani, anajifungua, ananyonyesha. Jina lilikuwa limeondolewa, kwa hivyo hata kama mtu angetaka kumwambia, hangempata. Watetezi wa njia hii walisema hakuna dawa ya kumpa hata hivyo. Ni hoja nzito, lakini nikiwazia yule mama, hainitoshi.

9. Mwaka huo huo wa 1990 Kenya ilitangaza kwa shangwe dawa iliyoitwa Kemron, iliyotokana na utafiti wa KEMRI. Watu walisafiri kuja kuitafuta. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo yaliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuonyesha kwamba inasaidia. Somo la kisiasa hapa ni rahisi: tangazo la jukwaani likitangulia ushahidi, anayelipa ni mgonjwa.

10. Serikali ilipata sera kamili kupitia Waraka wa Bunge Nambari 4 wa 1997. Novemba 1999 UKIMWI ukatangazwa janga la kitaifa, na Baraza la Kitaifa la Kudhibiti UKIMWI likaundwa. Hesabu: kutoka kisa cha kwanza hadi tangazo la janga ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa 1984 alikuwa tayari ni kijana wa sekondari.

11. Kuanzia mwaka 2001 vituo vya VCT vikaanza kuenea. Unaingia kwa hiari, unapewa ushauri, unapimwa, unapata majibu papo hapo, na si lazima utoe jina lako halisi. Hiyo ya jina watu huisahau. Lakini kumbuka pia kwamba dawa za kupunguza makali hazikuwa zinapatikana kwa mwananchi wa kawaida. Kupima kulikuwa kama kwenda kusomewa hukumu isiyo na rufaa. Wengi walisema, "Nijue ndiyo nifanye nini?" Halikuwa swali la ujinga.

12. Tufike kwa sentensi ya kwanza: "Takwimu zilipikwa." Takwimu za kliniki za wajawazito zilikuwa zimeleta makadirio ya kati ya asilimia 13 na 15 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu utafiti wa kitaifa wa nyumba kwa nyumba wa 2003 ukapima damu za wanawake na wanaume na kupata asilimia 6.7. Karibu nusu! Wengine wakasema serikali imeficha. Wengine wakajipigia kifua kwamba wao ndio waliopunguza.

13. Wote walikosea. Ni kweli maambukizi yalikuwa yameanza kushuka, na pia wagonjwa wengi walikuwa wanakufa, ambalo si jambo la kujivunia. Lakini sehemu kubwa ya ule mteremko ilitokana na kubadilisha njia ya kuhesabu. Kliniki za wajawazito zinapima wanawake peke yake, wale ambao kwa hakika wamefanya ngono bila kinga, na kliniki zilizochaguliwa zilielekea upande wa miji na vituo vya soko. Nyumba kwa nyumba unampata pia mwanamume, na mkaazi wa kijiji cha ndani. Mwaka 2003 wanawake walikuwa asilimia 8.7 na wanaume 4.6.

14. Mwaka 2007 utafiti mwingine wa kitaifa, KAIS, ukapata asilimia 7.4 kwa umri ule ule wa miaka 15 hadi 49. Kelele tena: "Imepanda!" Tofauti hiyo iko ndani ya makosa ya kawaida ya sampuli. Na kuna jambo lingine: dawa zikifanya kazi, watu hawafi, kwa hivyo asilimia ya wanaoishi na virusi inaweza kukaa juu hata kama maambukizi mapya yanapungua. Kabla hujamshangilia au kumzomea mtu kwa ajili ya asilimia, uliza: ilipimwa kwa nani, na kwa njia gani?

15. Nambari iliyonishtua mimi katika KAIS si hiyo 7.4. Ni hii: kati ya waliopatikana na virusi, ni kama asilimia 16 tu waliokuwa wanajua hali yao. Yaani watu zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa hawajui. Na hapo ndipo sentensi ya pili inapozaliwa: "Si basi wote wapimwe kwa lazima?"

16. Sheria tayari imejibu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006, ambayo sehemu zake nyingi zilianza kutumika 2009, inakataza kumlazimisha mtu kupima ndiyo apate kazi, aolewe au aoe, aingie shule, atibiwe au apewe bima. Kuna hali chache zisizofuata kanuni hiyo, kama mshtakiwa wa kosa la kingono. Lakini kanuni ni ridhaa.

17. "Sheria nzuri, lakini watu watapimaje?" Twende kwa matokeo. Mwaka 2006 dawa zikawa bure katika hospitali za umma. Wahudumu wakaanza kumshauri kila mjamzito na mgonjwa apime, naye akiwa na haki ya kukataa. Upimaji ukafika hadi milangoni. Mwaka 2016 Kenya ikaamua kila anayepatikana na virusi aanze dawa bila kungoja kinga ishuke. Mwaka 2017 vikaja vifaa vya kujipima mwenyewe, unanunua duka la dawa na kujipimia nyumbani.

18. Waliojua hali yao: 2007, kama asilimia 16. 2012, kama asilimia 47. 2018, asilimia 79.5. Tafiti hizi hazikupima jambo hili kwa njia moja kabisa, kwa hivyo usizitumie kama rula. Lakini mwelekeo hauna utata, na ulipatikana chini ya sheria inayokataza lazima. Watu walipima kwa sababu sasa lile swali, "Nijue ndiyo nifanye nini?", lilikuwa na jibu: umeze dawa, uishi.

19. Sheria hiyo haikuwa kamilifu. Kifungu chake cha 24 kilimfanya mtu anayejua ana virusi awe mhalifu asipomwambia kila aliyekutana naye kimwili, bila kueleza maneno hayo yanamaanisha nini hasa. Machi 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kwa kukosa uwazi. Fikiria mantiki yake: anayejua ndiye anayeweza kushtakiwa. Asiyepima yuko salama. Ni kama sheria iliandikwa kuwashauri watu wasipime.

20. Sasa sentensi ya tatu, ya majina. Februari 2015 lilitoka agizo kutoka ngazi ya juu kabisa ya serikali: maafisa wa utawala wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Lengo lililotajwa lilikuwa jema, kuwafikishia huduma. Lakini fomu iliweka jina na hali ya mtu kwenye ukurasa mmoja, na waliopewa kazi hiyo hawakuwa madaktari tu. Machifu walikuwamo.

21. Nilikuwa darasa la sita. Sikujua lolote kuhusu agizo hilo wakati ule. Nimelisoma chuoni, na niliposoma nilifunga kompyuta nikaenda kutembea. Mimi nilikuwa mtoto mmoja na kitabu kimoja. Hapa tunazungumzia taifa zima.

22. Shirika la KELIN na wenzake walienda kortini. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba: Kifungu cha 31 kuhusu faragha, na cha 53 kinachotaka maslahi ya mtoto yatangulie. Ikaamuru majina yaliyokusanywa yageuzwe kuwa misimbo ndani ya siku 45, ili jina lisiunganike na hali ya mtu. Angalia vizuri: mahakama haikusema serikali isihesabu. Ilisema ihesabu bila kumwanika mtu.

23. Nikubali upande wa pili una hoja. Bila kitambulisho cha aina fulani, mgonjwa mmoja akihama kliniki anahesabiwa mara mbili, na aliyeacha dawa hatafutwi. Yule mama wa kijijini kwetu huenda alihesabiwa mara mbili, na ni kwa sababu yangu. Ndiyo maana jibu ni msimbo, mfumo unaolindwa, na mtu anayewajibika ukivuja. Tangu 2019 tuna hata Sheria ya Ulinzi wa Data.

24. Na mambo haya hayajaisha. Januari 2025 Marekani, ambayo tangu 2003 imelipia sehemu kubwa ya kazi hii, ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tukaona jinsi dawa na hata rekodi zetu zinavyoning'inia kwa mfuko wa mtu mwingine. Desemba 2025 Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda uhamishaji wa data katika makubaliano mapya ya afya na Marekani. Swali ni lile lile la kitabu cha shangazi, limekuwa kubwa tu.

25. Kwa hivyo mgombea yeyote akija kwako na hoja ya UKIMWI, muulize manne. Asilimia unayotaja ilipimwa kwa nani? Anayepatikana na virusi kesho asubuhi atapata dawa wapi, na nani analipa? Orodha unayotaka itakaa kwa nani? Na ikivuja, ni nani ataenda jela, aliyeivujisha au itakuwa ni kuombana msamaha tu? Akikosa jibu la la mwisho, makofi yaweke mfukoni.

26. Shangazi alistaafu hiyo kazi. Kitabu alikirudisha zahanati kikiwa bado na gazeti lake. Yule mama yuko hai, anauza mboga, na mimi humsalimia kwa heshima zote. Sijawahi kumwomba msamaha, kwa sababu nikimwomba itabidi nimwambie kwamba najua. Mwisho wa uzi. Mwenye swali au masahihisho aweke hapa chini, lakini majina ya watu tafadhali usiweke.